Sauti Aliyoifumua Mama Pindo

Daktari wa upasuaji alikuwa mpole, na upole wake ndio uliomtia Mama Pindo wasiwasi. Daktari akikusogezea kiti kwa mkono wake mwenyewe, akakuuliza kama umepata chai, kisha akavuta pumzi kabla ya kufungua mdomo, hapo jua mambo si shwari.

"Uvimbe lazima utoke, mama," alisema, akimwonyesha picha ya shingo yake kwenye kioo cha kompyuta. "Umeanza kubana koo. Ila kuna jambo nataka ulijue mapema. Mshipa unaoendesha sauti umepita ubavuni kabisa, umegandana na uvimbe. Tutakwenda taratibu. Wengi sauti hurudi kama ilivyokuwa. Wengine huwa nzito kidogo. Wachache..."

"Wachache wanakuwaje?"

"Wachache hubaki kunong'ona."

Akampa tarehe, siku kumi na tisa mbele. Mama Pindo akaikunja karatasi mara nne, akaisokomeza mkobani pamoja na mkasi na futikamba, akatoka nje. Mtu mwingine angeogopa kisu. Yeye kisu hakukifikiria hata mara moja njia nzima. Alichokiona ni kitanda cha mama yake, na mama yake amekaa juu yake akiuliza, na hakuna anayemjibu.

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani. Mtoto hakujaaliwa, mume alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo wateja walimpa pindo liwe mtoto wake. Hawakukosea. Hakuna nguo iliyotoka mikononi mwake kabla pindo halijashonwa kwa mkono, na mshono ukipinda hata kwa upana wa ukucha anaufumua wote, anaanza upya. Wateja walilia naye mpaka wakachoka. "Mama, hilo liko upande wa ndani, nani ataliona?" Naye alijibu bila kuinua macho: "Mimi."

Alishonea chumba cha mbele, penye dirisha. Chumba cha pili, ambacho mlango wake ulikuwa wazi mchana kutwa, ndimo alimokaa mama yake mzazi. Macho ya bibi huyo yalizima miaka sita iliyopita, na miaka miwili hii akili nayo ilikuwa ikienda matembezi na kurudi inapotaka. Kilichobaki kwake kikiwa kizima ni masikio. Alijua mvua kabla haijagusa bati. Na kila baada ya muda, kutoka kitandani, aliuliza: "Nani huyo?"

"Ni mimi, Mama. Nani mwingine?" angejibu Mama Pindo, mguu haujatoka kwenye kanyagio la cherehani.

Basi bibi anatulia, anaendelea na mambo yake ya kichwani. Mara thelathini kwa siku, mara arobaini. Mtu asiyejua angesema ni usumbufu. Lakini mwaka uliopita mafua yalimkaba Mama Pindo, sauti ikakauka siku tatu, na alichokiona siku zile hakukisahau. Bibi aliuliza, akasikia nyayo bila jibu, akaamini watu wameingia nyumbani na mwanawe wamemwondoa. Kila mkono uliomgusa aliupiga. Bakuli la supu alilisukuma likavunjika. Siku ya pili alijaribu kukimbia, asijue mlango uko wapi, akajikwaa kwenye kigoda akapasuka juu ya jicho. Alipoinuliwa, kitu alichokuwa akisema kwa sauti ndogo ni kimoja tu: "Mwanangu mmempeleka wapi?"

Siku tatu zile. Na sasa daktari alikuwa akizungumzia maisha yote.

Alikuwa na mdogo wake, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye angekuja kukaa na bibi wakati yeye yuko hospitali. Mwalimu alikuwa na moyo mzuri na sauti ya ubaoni. Bibi akimsikia hukaa wima na kumwitikia kwa adabu kama mgeni wa serikali, na chakula chake hakili. "Mimi naweza kumwogesha, kumbadilisha, kila kitu," mwalimu alisema. "Ila dada, sauti yako sinayo. Hilo sikudanganyi."

Wazo la kurekodi kwa kompyuta lilitoka kwa mteja, mpiga gita mmoja wa bendi aliyeleta mashati ya jukwaani yapunguzwe kiuno. Mama Pindo tayari alikuwa amejaribu simu. Simu ilimfanya asikike kama mtu aliyezungumzia ndani ya ndoo, na bibi alipowekewa asikie alisema mara moja, "Nani anapiga? Kata, atakumalizia pesa." Mpiga gita aliposimuliwa hayo alicheka, kisha alipoona mwenzake hacheki, akaacha.

"Simu achana nayo," alisema. "Siku hizi watu wanarekodi chumbani kwao, na hujui kama si studio. Laptop yenye nguvu, maiki ya maana, basi. Nenda kwa Fundi Waya, mwambie nimekutuma mimi."

Fundi Waya alikuwa na duka la kompyuta zilizokwishatumika, chumba chembamba chenye rafu hadi darini, na yeye mwenyewe mwembamba vilevile, nyaya zikiwa zimemning'inia shingoni. Aliponyooshea mkono kompyuta moja nyembamba inayong'aa, Mama Pindo alijisikia kama mtu aliyepelekwa kununua ng'ombe usiku. Hakujua kushika wapi. Alijua kitu kimoja tu, kwamba akikosea hakuna wakati wa kurudi kubadilisha. Zilikuwa zimebaki siku kumi na nne.

"Hii ndiyo vijana wanaigombania," alisema Fundi Waya.

"Iwashe. Ifanye ifanye kazi ngumu."

Fundi akafungua programu tatu kwa mpigo. Mama Pindo akainama, akaweka sikio juu ya kompyuta kama anavyoweka kwenye cherehani ya mtu anayetaka kumuuzia. Akasikiliza kwa muda mrefu mpaka mteja mwingine aliyekuwa mlangoni akaanza kutabasamu.

"Inapiga mluzi," alisema.

"Ni feni ya ndani. Inapoza."

"Na maiki itausikia mluzi huo?"

Fundi Waya akakuna kichwa. "Itausikia."

"Leta nyingine."

Alisikiliza kompyuta sita namna hiyo. Ya saba ilikuwa nene, nyeusi, imechubuka pembe, mfuniko una alama ya kikombe cha chai. Aliiwekea sikio, akafumba macho. Ilipumua taratibu kama mtu aliyelala usingizi wa haki.

"Hii."

"Mama, una masikio." Fundi Waya sasa alikuwa amebadilika, anasema kwa heshima. "Sura haina, lakini ndani imekamilika. Memori ya kutosha, haitakukwamia katikati ya wimbo. Matundu ya kuchomekea nyaya yote yapo. Nataka tu nikubadilishie diski, nikuwekee kubwa, ile isiyozunguka. Haina mlio, na kurekodi kunakula nafasi."

"Nyimbo tatu zitakula nafasi gani? Mimi kikiharibika nitakifuta."

"Ndiyo unavyodhani. Programu ya kurekodi haina roho ya kutupa. Ukifuta kipande, pale kwenye kioo utaona kimeondoka, lakini faili lenyewe limekaa ndani ya folda, limejificha. Mpaka uingie mwenyewe ulitoe. Diski ndogo inajaa hujamaliza hata wiki."

Mama Pindo aliyachukulia kuwa maneno ya kuuzia, akakubali ili wasonge mbele. Alikuwa na wasiwasi mkubwa zaidi wa maiki.

Fundi alimwekea mbili mezani. "Hii ni ya jukwaani. Inasikia kilicho mbele ya mdomo tu. Kama nyumba ina kelele, chukua hii. Hii nyingine ni ya studio, inasikia mende akipiga chafya chumba cha pili. Sikushauri."

Akamvisha hedifoni, akamwambia aimbe kidogo kwenye kila moja. Aliimba kile anachoimba akimlisha mama yake, kijiwimbo kisicho na mwenyewe, cha maneno sita. Maiki ya kwanza ilimpa sauti safi, imekatwa vizuri, ya mwanamke fulani. Ya pili ilimpa sauti yenye pumzi, mate, na ule mkwaruzo mdogo uliokuwa umeanza tangu uvimbe ulipokua. Aliyekuwa ndani ya hedifoni alikuwa yeye.

"Hii nyingine," alisema.

"Itakusikilizia na majirani, mama."

"Nitawanyamazisha."

Fedha alizolipa alikuwa akizikusanyia cherehani mpya, na hilo hakulisikitikia hata mara moja. Fundi Waya akamwongezea kisanduku cha sauti kinachokaa katikati ya maiki na kompyuta, spika mbili ndogo, na saa nzima ya kumfundisha: hapa unaanza, hapa unasimamisha, hapa unafuta. Kichujio cha pumzi hakununua. Alipoona ni kitambaa tu kilichowambwa kwenye duara, alikwenda nyumbani akakitengeneza kwa fremu yake ya kutarizi na soksi ndefu ya nailoni, na kusema kweli kilikuwa kizuri kuliko cha dukani.

Chumba nacho akakivisha. Pazia zito dirishani, makoti ya wateja pande zote, marobota ya kitambaa sakafuni. Mlango wa chumba cha bibi akataka kuufunga. Bibi akasikia bawaba, akaanza kutetemeka. Akauacha wazi.

Siku ya kwanza aliketi kwenye cherehani, maana hakujua kuimba akiwa amekaa kwingine. Alibonyeza, taa nyekundu ikawaka, akaimba. Alikuwa amefika nusu.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Mama. Nani mwingine?" Lilimtoka kabla hajalifikiria. Akapiga ulimi, akasimamisha, akasikiliza. Maiki ilikuwa imemnasa bibi vizuri sana, kwa mbali, kama mtu aliye chini ya ngazi. "Haya, imeharibika," alisema, akafuta. Kipande kikatoweka kwenye kioo. Alijisikia vizuri kidogo, kama anapotoa uzi wote wa mshono uliopinda na kitambaa kinabaki kisafi.

Akaanza tena. Lori likapita. Akafuta. Akaanza tena. Bibi akauliza. Akajibu, akafuta. Mara ya tisa alifika mwisho, lakini neno moja lilikuwa limeparuza. Mpiga gita angesema hakuna atakayelisikia. Akafuta.

Siku zikaenda hivyo, na kila siku ilikuwa na hofu yake. Siku ya nne aliamka sauti nzito, akadhani imekwisha kabla hata ya kisu. Akakaa kitandani akijipima kwa mnong'ono, haogopi kufa, anaogopa kujaribu. Ilirudi saa nne. Siku ya sita kijiwimbo kilichokuwa kikimtoka bila kukifikiria miaka yote hiyo kilianza kumponyoka, akajikuta hajui kinaanzia wapi. Kadiri alivyoogopa ndivyo koo lilivyobana, na kadiri lilivyobana ndivyo alivyofumua. Mkwaruzo ulikuwa ukiongezeka. Alihesabu siku kwenye vidole vya mkono mmoja, na kwenye kioo hakukuwa na kitu.

"Dada, umebakiza nini?" aliuliza mwalimu alipokuja siku mbili kabla.

"Sijabakiza."

"Hata kimoja?"

"Vyote vilikuwa vimepinda."

Kesho yake mchana mwalimu alimchukua bibi akamkalisha uani juani, akamshika mkono na kumsomea gazeti kwa sauti ya chini ili asiondoke. Nyumba ikawa kimya. Mama Pindo akafanya kile alichokuwa akikitaka siku zote: akaimba nyimbo tatu kutoka mwanzo hadi mwisho, bila lori, bila bibi, kila neno mahali pake. Akarekodi na maneno ya kusema, aliyoyaandika kabla: "Mama, ni mimi mwanao. Kula chakula. Nitarudi." Akayasikiliza mara mbili. Hapakuwa na uzi unaoning'inia.

"Mchezee basi asikie," mwalimu alisema.

"Hapana."

"Kwa nini? Si ndiyo kazi yenyewe?"

"Akikataa, nitaingia chumba cha upasuaji na nini?" alisema Mama Pindo. "Acha niende nikijua ipo."

Kesho yake asubuhi alimlisha mama yake, akamjibu "Ni mimi, Mama" mara ya mwisho akiwa ameshika mkoba, akaenda.

Alipozinduka, kitu cha kwanza alichofanya, kabla ya kujua yuko upande gani wa kitanda, ni kusema "Mama." Ulitoka upepo. Akajaribu tena, ukatoka upepo. Daktari yule mpole alikuja, akakaa kando ya kitanda, na Mama Pindo alipoona amekaa alijua. Mshipa haukukatwa, alisema, ila umeumia. Miezi mitatu, miezi sita. Unaweza kuamka, unaweza usiamke. Asiulazimishe.

Mwalimu, akimwachia jirani bibi kwa muda mfupi, alikuja kumwona kila alasiri. Mama anaendeleaje, Mama Pindo aliandika kwenye karatasi. "Anaendelea vizuri," alisema mwalimu, akiwa anapanga machungwa ambayo yalikuwa yamekwishapangika. Siku ya pili alijibu vilevile, akitazama dirisha. Mama Pindo hakuandika swali hilo tena. Alilala akihesabu mabati ya dari, jasho jembamba likimtoka chini ya bandeji.

Siku ya sita akarudi nyumbani. Mlangoni mwalimu akamshika mkono kabla hajaingia.

"Sikutaka kukwambia kule," alisema. "Nyimbo nilimchezea siku ya kwanza tu. Nilimwekea spika karibu na mto. Alisikiliza, akasema, zimeni hiyo redio. Nikamwekea yale maneno ya kusema. Akauliza kama ni taarifa ya habari. Tangu hapo, dada, ni maji na vijiko viwili vitatu vya kuiba. Nimeshindwa. Nisamehe."

Mama Pindo akaingia. Bibi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mabega yamechongoka, mikono yote miwili ameiinua mbele ya uso kama mtu anayengoja kupigwa. Ngozi ya mashavu ilikuwa imeshuka. Akasikia nyayo.

"Nani huyo?"

Mama Pindo akafungua mdomo. Upepo.

"Nani huyo?" Sauti ya bibi ikapanda. "Nasikia miguu yenu. Nani huyo?"

Akapiga magoti, akamshika mkono. Bibi akaunyakua mkono wake, akajikunyata ukutani, akaanza kusema kwa sauti ndogo yale ya mwaka uliopita, mwanangu mmempeleka wapi, mmempeleka wapi, na mwalimu mlangoni akaziba mdomo kwa leso. Mama Pindo alipiga magoti pale akiwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua hata chumba cha upasuaji. Yule mtu aliyekuwa akitafutwa alikuwa yeye, yuko hatua moja, na hakuna namna ya kumwambia.

Akainuka, akaenda chumba cha mbele, akaketi kwenye cherehani kwa sababu hakujua pengine pa kukaa. Kompyuta ile nene ilikuwa mezani. Akaifungua. Akaziangalia nyimbo zake tatu zilizonyooka, zisizo na kasoro. Redio. Alizishona vizuri mpaka mwenye nguo hakuitambua.

Hapo ndipo maneno ya Fundi Waya yalipomrudia, yale aliyodhani ni ya kuuzia. Programu haina roho ya kutupa. Mpaka uingie mwenyewe ulitoe.

Akatafuta folda, akaingia ndani yake, akakuta nyingine, akaingia. Orodha ikafunguka, ikashuka, ikaendelea kushuka. Mafaili mia mbili na kumi na saba. Hayakuwa na majina, namba tu na saa. Yote aliyoyafumua yalikuwa yamekaa pale yakimsubiri. Akazigeuza spika zielekee mlango wa chumba cha pili, kutoka pale pale kwenye cherehani ambapo sauti yake ilikuwa ikitoka siku zote. Akachagua moja bila kutazama, akabonyeza.

Kanyagio likalia kidogo. Mtu akavuta pumzi, akaimba nusu ya wimbo, mkwaruzo ukiwa ndani yake. Kisha kwa mbali: "Nani huyo?" Na karibu, haraka, kwa kuchoka kidogo: "Ni mimi, Mama. Nani mwingine?" Ulimi ukapigwa. "Haya, imeharibika."

Kitanda cha chumba cha pili kikalia, bibi akigeukia mlango.

"Leo umechelewa kunijibu," bibi alisema, sauti imeshuka. "Nimeuliza weee. Njaa inaniuma."

Mwalimu alikwenda jikoni mbio. Mama Pindo akayapanga mafaili yafuatane yenyewe, akalichukua bakuli la supu mikononi mwa mdogo wake, akaenda kuketi kitandani. Huko mbele sauti yake ilikuwa ikiimba, ikikosea, ikilalamikia lori. Akapeleka kijiko. Bibi akafungua mdomo. Akameza. Akafungua tena.

"Hii si ya moto sana, ni nzuri," bibi alimwambia mtu aliyeshika kijiko. "Asante, dada. Una mkono wa taratibu. Mwanangu yuko pale anashona, hawezi kuacha kazi."

Mama Pindo alitikisa kichwa kukubali, akasahau kwamba hakuna anayemwona. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye bandeji, na hakuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

Bakuli lilikuwa limefika nusu bibi alipoinua kidole, akatega sikio. Kule mbele, kwa mbali, mtu aliuliza, "Nani huyo?"

"Nani yule?" bibi alisema. "Kuna bibi kizee anamsumbua mwanangu. Tangu saa ile. Mara nani, mara nani. Ni mteja?"

Mama Pindo akamsogezea kijiko, bibi akakisukuma taratibu kando.

"Masikini," bibi alisema polepole. "Labda haoni."

Akasikiliza tena, kichwa amekiinamisha upande, uso umejaa wasiwasi wa huyo mwenzake asiyemjua. Na kutoka kwenye cherehani ikaja ile sauti iliyochoka, iliyofumuliwa mara mia mbili: "Ni mimi, Mama. Nani mwingine?"

"Anamjibu," bibi alisema. "Vizuri. Mwambie asimchoke, amjibu tu, maana mtu kama yule akikosa kujibiwa anaogopa sana."

Akafungua mdomo, akangoja kijiko.